Sarafu zangu zinanata kijani na bado nataka kuzitundika ukutani, nifanyeje?

Swali: "Mtaalamu habari. Nina sarafu kama 300 hivi, nyingine nilirithi kwa babu, nyingine nimenunua mwenyewe. Kuna za fedha, za shaba, chache za dhahabu, na nyingi ni hizi za kawaida za nchi mbalimbali. Nusu ziko kwenye albamu yenye mifuko laini ya plastiki, zilizobaki zimerundikana kwenye kopo. Juzi nimefungua albamu nikakuta baadhi zina utando wa kijani unanata. Nataka nizihamishe zote, ila pia nataka wageni wakija wazione, nimefikiria fremu ya ukutani au boksi la mbao lenye velveti ndani. Rafiki yangu anasema nizisugue kwanza zing'ae alafu nizigundishe kwenye ubao. Nianzie wapi?"

Jibu: Salama ndugu yangu, na pole kwa hizo za kijani, tutaanza nazo maana ndo zenye haraka kuliko zote. Rafiki yako mwambie asante, ila gundi na dawa ya kusugulia abaki nazo mwenyewe.

Kabla hujanunua chochote naomba utenganishe mambo mawili. Kuhifadhi ni kazi moja, kuonyesha ni kazi nyingine kabisa. Watu wengi wanaharibu sarafu zao kwa sababu wanatafuta kitu kimoja kiwe stoo hapohapo kiwe pambo, na siku zote pambo ndo linashinda. Sarafu 300 huwezi kuzionyesha zote, na hata ukiweza hamna mgeni atakayezimaliza, ataangalia kumi za kwanza alafu ataomba maji ya kunywa. Chagua 12 au 20 ziwe za kuonyesha na uwe unazibadilisha kwa zamu, hizo nyingine zilale gizani pakavu. Ukishakubali hilo tu maamuzi mengine yote yanakuwa mepesi na hela unaokoa, kwa sababu vifaa vya kuonyesha ni vya gharama na vya kuhifadhi sio vya gharama hivyo.

Sasa huo ujani. Kwa maelezo yako, unanata na uko kwenye zile za albamu tu, mchawi ni mifuko yenyewe. Plastiki laini, ile inayokunjika bila kelele na ikiwa mpya inatoa harufu ya pazia la bafuni, mara nyingi ni PVC. PVC kwa asili yake ni ngumu, ili ilainike kiwandani wanaichanganyia vimiminika vya kulainisha, na miaka ikienda vile vimiminika vinavuja taratibu vinatua juu ya sarafu. Alafu plastiki yenyewe ikizidi kuchakaa inatoa asidi ya haidrokloriki, kidogo sana ila kila siku, na asidi hiyo chakula chake ni shaba. Usishangae kuona hata za fedha zimepata, kwa sababu sarafu ya fedha ya zamani ni nadra kuwa fedha tupu, zile za 900 zina asilimia 10 ya shaba na sterling ina asilimia 7.5, ndo maana na zenyewe zinatoa kijani. Hata sarafu za dhahabu nyingi zilizokuwa zinatumika kama pesa zina shaba ndani yake.

Ukitaka kuhakikisha kama mfuko ni PVC kuna kipimo cha zamani ambacho wataalamu wa kemia wanakitumia mpaka leo. Chukua waya wa shaba usio na ganda, uchome kwenye moto mpaka uwe mwekundu na moto usiwe na rangi yoyote ya ajabu, uguse kwenye kipande cha mfuko ili plastiki kidogo ing'ang'anie, alafu uurudishe motoni. Moto ukigeuka kijani kibichi ujue kuna klorini humo, na kwenye mifuko ya sarafu klorini maana yake ni PVC. Fanya nje, kipande kidogo tu, na usivute ule moshi maana sio mzuri. Kama huna waya wala hamu ya kuchezea moto, we chukulia tu kwamba kila mfuko laini ni mbaya, mara nyingi hutakosea.

Zitoe leo hii. Sio wikiendi, leo. Kila mfuko fungua mdomo wake kwanza ili sarafu isiburuzwe ikitoka, ishike kwa ukingo, kidole gumba na cha shahada, usiguse uso wa juu wala wa chini. Kaa mezani na utandike taulo chini, sio kwa urembo, sarafu ikidondoka kwenye sakafu ngumu hata mara moja ukingo unabonyea na hakuna fundi wa kuurudisha. Na usiongee huku umeinamia sarafu. Watu wanalichukulia kama utani ila tone dogo la mate usiloliona leo, baadae linakuja kuwa doa jeusi katikati ya uso wa mfalme wa watu.

Zile zenye utando unaonata zioshe kwa asetoni. Ila asetoni halisi, sio ile ya kutolea rangi ya kucha, hiyo ya kucha wanaichanganya na mafuta, marashi na rangi, utatoa uchafu mmoja uweke mwingine. Tumia chombo cha kioo kwa sababu asetoni inayeyusha plastiki nyingi, fungua madirisha, na moto usiwe karibu kabisa maana mvuke wake unashika moto upesi sana. Weka sarafu ndani, iache dakika kadhaa, igeuze kwa kuishika ukingoni, usisugue hata kidogo hata kwa pamba, alafu ihamishie kwenye asetoni safi ya pili ili uchafu ulioyeyuka usigande tena. Ikitoka iache ikauke yenyewe, ni sekunde tu. Asetoni haigusi chuma yenyewe wala ule weusi wa asili wa fedha, inayeyusha mafuta na hayo matope ya plastiki basi. Kama baada ya hapo bado unaona kijani kimezama au vishimo vidogo vidogo, hayo ni madhara tayari, yamesimama hapo hapo na hayarudi nyuma, iache hivyohivyo. Tahadhari moja, sarafu zilizopakwa rangi, hizi za ukumbusho zenye picha ya maua au ndege, usizitie humo, rangi yote itatoka.

Kuna kijani kingine ambacho sio hicho. Ukikuta kwenye sarafu ya shaba, hasa ya kale sana iliyochimbwa ardhini, vidoa vya unga unga mkavu wa kijani cha mpauko, ukigusa kwa kijiti unadondoka kama poda, hiyo inaitwa ugonjwa wa shaba nyeusi, yaani shaba iliyochanganywa na bati. Chanzo chake ni chumvi za klorini zilizojificha ndani ya chuma, zikipata unyevu zinaamka na kuendelea kula kutoka ndani kuja nje. Asetoni haiwezi kitu hapo. Hiyo itenge na wenzake, iweke kwenye chombo kikavu sana chenye silika jeli, zile punje zinazofyonza maji, unyevu uwe chini ya asilimia 40, na kama ni ya thamani mpe anayejua matibabu yake.

Kuhusu kusugua zing'ae, jibu langu ni hapana na sina namna ya kulilainisha. Ule weusi kwenye fedha, bluu na njano na kahawia zinazozunguka ukingoni, ni safu nyembamba sana iliyotengenezwa na salfa ya hewani, na mnunuzi mzoefu anaitafuta, ndo ushahidi kwamba sarafu haijaguswa. Dawa ya kung'arishia inatoa ile safu pamoja na chuma kidogo kilichokuwa chini yake, na inaacha mistari midogo midogo inayoonekana ukiigeuza sarafu kwenye taa. Sarafu ya asili ina mng'ao unaozunguka ukiigeuza, unatembea juu ya uso wake, wakati iliyosuguliwa inang'aa yote kwa pamoja kama kijiko. Mtu yeyote aliyezoea anaitambua kabla hata hajaketi, na bei inashuka hapohapo.

Haya, zimetoka, zimekauka, zikae wapi. Plastiki za kuamini majina yake ni machache: polista ile ngumu ya uwazi ambayo wengi wanaijua kwa jina la Mylar, polipropilini, polietilini, akriliki na polistirini. Hizo hazina vilainishi vinavyovuja. Kwa mtu mwenye sarafu 300 za mchanganyiko mi ningemwambia aanze na kadi. Ni kile kipande cha kadibodi nyeupe kinachokunjwa katikati, kina dirisha la duara la Mylar pande zote mbili, ukikunja kinakuwa mraba wa kama sentimita 5, sarafu inakaa katikati na unakifunga kwa stepla. Ni rahisi, unaandika maelezo kwenye ile kadibodi, na zinapangika kwenye boksi refu zikiwa zimesimama. Chagua kadi yenye dirisha linaloipita sarafu yako kidogo tu, ikiwa dogo kadibodi inagusa uso wa sarafu, ikiwa kubwa inatembea.

Ila stepla sasa. Hapa ndo watu wanaumiza sarafu bila kujua. Piga stepla tatu au nne, kisha chukua koleo ndogo ubane kila pini mpaka ile migongo yake iliyopinda ilale bapa kabisa kwenye kadi. Usipobana, zile ncha zimeinuka, ukizipanga 50 kwenye boksi kila ncha inakwaruza dirisha la jirani yake mpaka inafika kwenye sarafu. Na siku ya kuitoa usivute kadi kwa nguvu kuichana, pini itarukia kwenye uso wa sarafu, zitoe pini zote kwanza kwa koleo hiyohiyo, kisha ndo ufungue. Zipo kadi za kujibandika zenyewe bila stepla, ni za haraka na zinapendeza, ila gundi yake miaka ikipita inaweza kusogea kama joto ni kali, kwa hiyo mi nazitumia kwa sarafu za kawaida tu.

Zile nzuri zako, tuseme za dhahabu na za fedha zilizo safi, hizo zipe kapsuli. Kapsuli ni vikombe viwili vigumu vya akriliki vinavyobanana, sarafu inaonekana mbele na nyuma na kidole hakiigusi tena. Siri ya kapsuli ni kipimo. Pima kipenyo kwa kalipa, kile kipimio chenye taya mbili, na iwe ya plastiki, sio ya chuma, na usikisie kwa macho. Sarafu ya euro 2 ina milimita 25.75, kwa hiyo kapsuli ya 26 inaishika vizuri, ya 27 itapiga kelele ukiitikisa na hizo kelele ni ukingo unasagika. Ile Eagle ya fedha ya Marekani ina milimita 40.6 na zipo kapsuli zilizotengenezwa kwa ajili yake peke yake. Kuna zile kapsuli za kipimo kimoja zenye pete nyeusi ya povu ndani ili ziingie sarafu za ukubwa wowote, na hapo kuwa mwangalifu, povu la bei rahisi lina salfa na linaacha mduara wa rangi kuzunguka sarafu ya fedha. Nikipewa nafasi ya kuchagua nachukua isiyo na pete siku zote.

Albamu sikatazi. Zipo za aina mbili na watu wanazichanganya. Ya kwanza ina kurasa za mifuko, ukihakikisha kurasa ni polipropilini au polista na sio PVC, tena ukaziweka sarafu zikiwa ndani ya kadi zake, ni kitu kizuri na watoto wanafunua wanajifunza. Isimamishe kama kitabu kwenye rafu, usiilaze ukapandisha nyingine juu yake, uzito unazikandamiza zile za chini. Ya pili ni ile ya kadibodi nene yenye matundu ya mwaka kwa mwaka ambayo unaisukuma sarafu kwa kidole gumba mpaka inakaza. Raha yake naielewa, tundu tupu linakuuma mpaka ulijaze, lakini ule msukumo unaacha alama ya kidole juu ya sarafu, na jasho la kidole lina chumvi na mafuta yanayochora kabisa. Kwenye zile zenye vibao vya plastiki vya kuteleza juu na chini, kila ukivuta kibao kinapita juu ya shavu la mtu aliyechorwa pale na kumwachia mistari. Tumia kwa sarafu zilizokwisha kutumika sokoni miaka yote, mpya usizitie.

Boksi la mbao na velveti, hapo ndo nilipokuwa nangoja kwa hamu. Kwa macho hakuna kinacholishinda. Makumbusho ya Ulaya yamelaza sarafu kwenye trei za mbao kwa karne nyingi na nyingi bado ni nzima, ila waulize ni mbao gani, watakwambia mahogani. Mwaloni ni mzuri kwa meza na ni mbaya kwa sarafu, unatoa mvuke wa asidi ya asetiki, ile ileile ya siki, na sarafu ya madini ya risasi ikikaa humo inageuka unga mweupe, shaba nayo inapata tabu. Mbao za kubandikwa za kisasa zinatoa gesi ya formaldehaidi kutoka kwenye gundi zake. Velveti na felti za sufu zina salfa, fedha yako itakuwa nyeusi upande mmoja tu, ule wa chini, na utabaki unajiuliza kwanini. Kama hilo boksi ushalipenda na huwezi kuliacha, basi sarafu ziingie humo zikiwa ndani ya kapsuli, na boksi likae wazi wiki kadhaa kwanza likiwa tupu mpaka harufu ya vanishi iishe. Droo ivutwe polepole, sarafu zilizo wazi kwenye trei zinateleza kila ukifungua, na ule msuguano mdogo unafuta sehemu za juu za picha. Wakusanyaji wa zamani sana wanaijua hiyo alama na wakiiona wanajua sarafu ilikuwa inaishi kabatini.

Na mpira wa kufungia noti usije ukaufunga kwenye sarafu wala karibu yake, una salfa nyingi balaa. Bahasha za karatasi za kawaida hivyohivyo, tafuta zilizoandikwa hazina asidi. Gazeti hapana.

Sasa mahali pa kuweka hilo boksi. Adui namba moja ni unyevu, namba mbili ni joto linalopanda na kushuka, maana hewa yenye joto ikipoa ghafla inaacha umande mwembamba juu ya chuma hata kama hauuoni. Kwa hiyo sio darini, sio jikoni, sio chumba kinachopakana na bafu, na sio kabati lililoegemea ukuta wa nje. Kabati la ndani la chumba cha kulala, katikati ya nyumba, linashinda sehemu nyingi. Nunua kipima unyevu kidogo cha kidijitali uweke ndani ya boksi ukiangalie mara mojamoja, ukiona kinacheza chini ya asilimia 50 uko salama kwa sarafu nyingi, kikipita hapo ongeza silika jeli. Chukua ile ya punje zinazobadilika rangi, zikishiba maji zinageuka, unazimwaga kwenye trei ya oveni kwa nyuzi 120 hivi saa moja au mbili zinarudi kazini. Vile vifuko vidogo unavyovikuta kwenye boksi la viatu vimeshashiba siku nyingi, havina kazi.

Utaambiwa ununue sefu isiyoungua. Nunua tu kwa ajili ya wezi na moto, ila ujue jambo moja ambalo muuzaji hatalisema: ule ukuta mnene wa ndani unazuia moto kwa sababu nyenzo zake zimebeba maji, moto ukija yanageuka mvuke na kupoza. Bila moto hayo maji yanapumua kidogokidogo ndani ya sefu iliyofungwa, na unyevu wake unakuwa mkubwa kuliko wa chumbani. Ukiweka sarafu humo, ziwe ndani ya vyombo vinavyoziba vizuri pamoja na silika jeli, na ufungue mlango mara kwa mara.

Kila chuma kina tabia zake pia. Dhahabu inavumilia karibu kila kitu isipokuwa kukwaruzwa, kwa sababu ni laini. Fedha anaogopa salfa. Shaba anaogopa kila mtu, na ukiwa na muda na bajeti ya kuangalia aina moja tu, angalia hao, hasa wale ambao bado wana wekundu wa kiwandani, ukipotea haurudi. Wale wenye zinki ndani ni wa kuonea huruma, mfano senti moja ya Marekani toka mwaka 1982 ilipobadilishwa ikawa asilimia 97.5 ni zinki na shaba ni ngozi tu ya juu, ngozi ikitobolewa kidogo kinatokea kivimbe na ndani yake kunaoza. Za nikeli na aluminiamu weka kwenye kadi usahau.

Haya tuje ukutani, maana najua ndo moyo wako ulipo. Fremu nzuri ya sarafu ni ile ambayo sarafu haigusi kitu zaidi ya kapsuli yake. Unachukua bamba la akriliki au kadibodi nene isiyo na asidi, linakatwa matundu ya duara kwa kipimo cha nje cha kapsuli, sio cha sarafu, kapsuli inaingia kwa kukaza, mbele kioo, nyuma kifuniko kinachofunguka kwa skrubu na sio kwa misumari, kwa sababu wewe utakuwa unabadilisha kila baada ya muda. Gundi isiguse hata kapsuli. Wala usithubutu kuzipeleka kwenye mashine ya laminesheni, nimewahi kuletewa karatasi nzima ya sarafu zilizofanyiwa hivyo na kuzitoa ni mateso, gundi ya joto imeingia kwenye kila herufi.

Kitu kimoja ambacho wengi hawakifikirii mpaka washamaliza kutengeneza. Kama unataka fremu ya pande mbili, ya kusimama mezani mgeni azunguke aone nyuma, angalia mgongo wa sarafu umeelekea wapi. Chukua ya Uingereza au ya euro, ishike kichwa cha mfalme kikiwa wima, igeuze kama unavyofunua ukurasa wa kitabu, nyuma iko wima. Chukua ya Marekani ufanye hivyohivyo, nyuma imepinduka kichwa chini miguu juu. Sio kosa la kiwanda, ndo utaratibu wao, zimepangwa zigeuzwe kutoka juu kwenda chini. Kwa hiyo kwenye fremu ya pande mbili utajikuta nusu ya ndege na ngao zako ziko kichwa chini. Suluhisho ni kuzitenga, fremu moja iwe za aina moja, au za Marekani uweke mbili mbili, moja inaonyesha mbele nyingine nyuma, mi hiyo ya pili naipenda zaidi kwa sababu mgeni anaona vyote bila kushika kitu.

Mahali pa kutundika, ukuta wa ndani, usiopigwa na jua hata kwa muda wa saa moja tu jioni. Jua lenyewe halili fedha, ila linapasha joto kile kijumba kilichofungwa na miale yake inafanya plastiki iwe ya njano na kadibodi itoe gesi. Taa tumia LED, na iwe nje ya fremu, sio ndani, ikitoka pembeni kwa mlalo ndo michoro inainuka vizuri, taa ya mbele moja kwa moja inafanya kila sarafu ionekane bapa. Rangi mpya ya ukutani iache ikauke na harufu iishe kabisa kabla hujatundika. Chagua sarafu chache zinazozungumza pamoja, tuseme ndege, au meli, au sarafu moja ya kila muongo, kuliko kujaza 40 za kila namna. Na vitu vya maumbo ya ajabu viache kwenye picha, mwaka 1644 Sweden ilitoa pesa ya bamba la shaba la daler 10 lenye uzito wa karibu kilo 20, hiyo hata ungekuwa nayo kapsuli yake ungeipata wapi.

Ninachokushauri zaidi kwa zile za shaba zenye wekundu na zile za dhahabu ni kuonyesha picha. Zipige pande zote mbili, taa kutoka pembeni, uzichape kubwa kiasi cha sahani, tundika hiyo. Mgeni anaona zaidi kuliko ambavyo angeona kwenye sarafu yenyewe ya ukubwa wa kifungo, na sarafu iko salama. Kuhusu wezi sina mengi, ila picha ya ukuta wako usiirushe mtandaoni ikiwa na dirisha na mtaa kwa nyuma.

Vile vibamba vigumu vilivyozibwa vya kampuni za kupima ubora, kama PCGS iliyoanza kazi 1986 na NGC ya 1987, ambazo zinaipa sarafu alama kutoka 1 mpaka 70, ni vizuri kwa sarafu ambayo unafikiria kuiuza au una wasiwasi kama ni feki. Vinalinda dhidi ya vidole, ila hewa bado inapita kidogo, kwa hiyo unyevu uangalie vilevile. Gharama ya kupimisha unailipa kwa kila sarafu, sarafu ya kawaida inaweza ikakugharimu kuliko inavyouzwa. Katika hizo 300 zako sidhani kama zinafika kumi za kupelekwa.

La mwisho kabla hujafunga boksi: namba. Kila kadi iandike namba kwa penseli au kalamu isiyo na asidi kabla ya kuingiza sarafu, usiandike ikiwa ndani, mkono ukikandamiza alama inafika. Namba hiyohiyo iwe kwenye daftari au jedwali kwenye kompyuta: nchi, mwaka, chuma, uzito, kipenyo, ulipata wapi na lini. Za babu yako kama zina vikaratasi vyovyote, vya maandishi yake au tiketi za wauzaji wa zamani, usivitupe, viweke kwenye mfuko wa polista pembeni ya sarafu husika lakini visigusane nayo. Historia ya sarafu ikipotea ndo imeenda.

Kwa hiyo kesho nunua asetoni, kadi kama 300 za vipimo vitatu au vinne, kapsuli za hizo 20, kipima unyevu na silika jeli, fremu ingoje mwezi ujao. Zile za kwenye kopo nazo zihamie kwenye kadi, zikirundikana zinagongana kila kopo likisogezwa. Na ile albamu ikishakuwa tupu usimpe mtoto wa jirani anayeanza kukusanya, itupe tu.